Dola Milioni Moja kwa Kukisia Nyota: Uchambuzi wa Shindano la Netflix

Tarehe 2 Oktoba 2006 kampuni ya Kimarekani ya Netflix ilitangaza kwamba ingetoa dola 1,000,000 kwa timu ya kwanza itakayobashiri ladha za wateja wake kwa usahihi unaoupita ule wa programu ya kampuni yenyewe kwa asilimia 10. Karibu miaka mitatu baadaye mshindi alipatikana, akalipwa, na maelezo ya hesabu zake yakachapishwa ili kila anayetaka ayasome. Hesabu hizo, kwa ukamilifu wake, hazikuwahi kuingizwa kazini.

Kwa anayependa kuwapendekezea watu filamu, vitabu, michezo ya kompyuta au muziki, sijui kisa kingine chenye mafunzo mengi kiasi hiki. Jambo ambalo rafiki au mkutubi hulifanya kwa kuongea na mtu dakika chache, hapa walipewa maelfu ya wataalamu wa hisabati na kompyuta, pamoja na kumbukumbu za wateja karibu nusu milioni na muda wa kutosha. Nauweka msimamo wangu mezani mapema: washindani walilijibu vizuri mno swali waliloulizwa, lakini swali lenyewe lilikaa pembeni ya lile analojiuliza mtu aliyeketi jioni, amechoka, asijue atazame nini.

Enzi ya bahasha

Netflix ya wakati ule ilikuwa ikikodisha DVD kwa njia ya posta. Mteja alilipa ada ya mwezi, akapanga orodha ya filamu anazozitaka, na diski zikamjia ndani ya bahasha. Akirudisha moja, iliyofuata kwenye orodha yake ilitumwa. Mfumo huo ulikuwa na tatizo la wazi: filamu mpya zilitakiwa na kila mtu kwa wakati mmoja na nakala hazikutosha, huku maelfu ya filamu za zamani zikikaa bila mwenyewe. Programu ya mapendekezo, iliyoitwa Cinematch na kuanza kutumika mwaka 2000, ilikuwa na kazi ya kumwonyesha mteja filamu ambayo hakuwa na habari nayo lakini angeipenda. Mteja aliyepata raha katika filamu ya miaka ishirini iliyopita aliipunguza foleni ya ile mpya, na alikuwa na sababu ya kuendelea kulipa ada mwezi uliofuata.

Jambo moja kuhusu enzi hiyo watu husahau kulipa uzito. Mteja alichagua leo akatazama baada ya siku kadhaa, na akichagua vibaya hakuwa na la kufanya mpaka bahasha nyingine ije. Katika hali hiyo, kumwambia mapema kwamba "hii utaipa nyota nne" lilikuwa jambo la maana kabisa. Swali la shindano halikutungwa ovyo. Lilitokana na biashara ilivyokuwa.

Basi kampuni ikatoa data. Alama 100,480,507, zilizotolewa na wateja 480,189 kwa filamu 17,770, zote zikiwa kati ya mwisho wa 1998 na mwisho wa 2005. Kila alama ilikuwa na vitu vinne tu: namba ya mteja isiyo na jina, filamu, tarehe, na nyota kuanzia moja hadi tano. Umri haukuwepo, wala jinsia, wala mahali anapoishi mtu. Ukiichora data hiyo kama jedwali, wateja wakiwa kwenye mistari na filamu kwenye safu wima, unapata visanduku zaidi ya bilioni 8.5, na vilivyojazwa ni kama kimoja katika kila mia. Kazi ilikuwa kujaza baadhi ya vile vilivyo tupu. Kampuni ilizificha alama nyingine takriban milioni 2.8 ambazo ilizijua yenyewe, na washindani wakatakiwa kuzibashiri.

Kipimo kilikuwa hivi: kosa la kila ubashiri linapigwa kipeo cha pili, wastani wa vipeo hivyo unatafutwa, kisha unachukuliwa kipeuo cha pili cha wastani huo. Ukikosea kwa nyota mbili unaadhibiwa mara nne ya aliyekosea kwa nyota moja. Mtu asiyefanya lolote ila kuipa kila filamu wastani wake alipata 1.0540. Cinematch ilipata 0.9525. Shabaha ya ushindi ilikuwa 0.8572.

Ziangalie vizuri namba hizo tatu kabla ya kuendelea. Miaka ya kazi ya kampuni nzima ilikuwa imeipita njia ya wastani mtupu kwa takriban asilimia 10, na sasa kampuni ilitaka asilimia 10 nyingine. Kwa lugha ya nyota, dola milioni moja zilikuwa zinanunua pungufu ya sehemu moja ya kumi ya nyota moja. Unaweza kuliona hilo dogo. Yehuda Koren, mmoja wa waliokuja kushinda, alionyesha kwamba punguzo dogo la kosa la wastani linaweza kubadilisha sana filamu zipi zinakaa juu kabisa kwenye orodha ya mtu, na hoja yake naiona nzito. Hata hivyo, kipimo kiliihesabu kila filamu kwa uzito mmoja. Ukikosea kati ya nyota moja na mbili, kosa ni lilelile na la kati ya nne na tano. Mtazamaji hafikiri hivyo. Filamu ambayo angeichukia kidogo na ile ambayo angeichukia sana kwake ni kitu kimoja, zote hatazitazama. Kinachomhusu ni kule juu, kati ya "nzuri" na "hii lazima niione".

Walichokigundua kuhusu watu

Ndani ya wiki moja timu ya kwanza ilikwishaipita Cinematch. Mwisho wa mwaka wa kwanza walioongoza, timu ya BellKor ya Robert Bell, Yehuda Koren na Chris Volinsky kutoka maabara za kampuni ya simu ya AT&T, walikuwa wamefika asilimia 8.43. Mwaka uliofuata, wakiwa wameungana na vijana wawili wa Austria waliojiita BigChaos, wakafika 9.44. Sehemu kubwa ya safari ilimalizika mapema, na kilichobaki kikawa kama kukamua jiwe. Lakini katika kukamua huko ndiko yalikotoka mambo ninayoyathamini zaidi.

La kwanza lilitoka kwa mtu aliyetumia jina la Simon Funk. Desemba 2006, akiwa miongoni mwa walio juu kwenye msimamo, aliamua kuieleza njia yake hadharani, na wengi wakaichukua. Wazo lake ni rahisi kulieleza: kila filamu ipewe namba chache, kila mtu apewe namba chache za aina hiyohiyo, na ukizizidisha namba za mtu kwa zile za filamu kisha ukajumlisha, upate alama. Kompyuta haiambiwi namba hizo zina maana gani. Inazisogeza kidogokidogo mpaka makosa yapungue. Koren na wenzake walipoangalia baadaye kompyuta ilikuwa imejifunza nini, waliona mhimili mmoja ambao upande wake mmoja zimekaa vichekesho vya kijinga na filamu za kutisha zinazopendwa na vijana wa kiume, na upande wa pili filamu zenye uzito wa hisia na wanawake wenye nafasi kubwa katika hadithi. Mhimili wa pili ulizitenga filamu za watayarishaji huru, zile za ajabuajabu zinazosifiwa na wahakiki, na filamu za studio kubwa zilizotengenezwa kwa kuufuata mkondo uliozoeleka.

Hapa kuna kitu ambacho kila anayependekeza anapaswa kukitafakari. Mihimili hiyo si aina za filamu kama zilivyopangwa kwenye rafu. Kichekesho kinaweza kukaa upande wowote wa mhimili wowote. Mtu anayekwambia "napenda za mapigano" amekupa jina la rafu tu, na bado hujui kama anafuata kasi, au usafi wa mapigo, au yule mtu mmoja mpweke anayepambana na kundi. Ukimpa filamu nyingine ya mapigano kwa sababu tu ni ya mapigano, umepiga ramli.

La pili linahusu mkono wa mtoaji alama. Kuna watu wakarimu ambao nyota nne kwao ni salamu tu, na wapo wagumu ambao nyota tatu ni sifa kubwa. Kuna filamu zinazopendwa na karibu kila anayeziona. Koren alipogawanya tofauti zote zilizomo katika alama aliona kwamba takriban theluthi moja inaelezwa na mambo hayo mawili tu: ukarimu wa mtu na ubora wa jumla wa filamu. Kulingana kwa mtu huyu na filamu hii, kitu ambacho sisi tunakiita ladha, kulieleza kama sehemu moja ya kumi. Zaidi ya nusu haikuelezwa na chochote.

Mimi naliona hilo kuwa matokeo makubwa kuliko ushindi wenyewe, ingawa husemwa kwa kupita. Akili bora za fani, data milioni mia moja, na ladha ya mtu binafsi ikaonekana kwa sehemu moja ya kumi. Kiasi fulani cha kisichoelezwa ni kelele tupu: mtu yuleyule akiulizwa tena kuhusu filamu ileile baada ya muda mara nyingi hatoi alama ileile. Akaunti moja pia huweza kutumiwa na nyumba nzima, ikachanganya katuni za mtoto na filamu za kutisha za kaka yake. Kwenye data hiyo kuna mteja mmoja aliyezipa alama filamu zaidi ya 17,000. Kwa saa moja na nusu kwa kila filamu, hiyo ni karibu miaka mitatu ya kutazama usiku na mchana bila kulala.

La tatu ni wakati. Mwanzoni mwa 2004 wastani wa alama zote ulipanda ghafla, bila filamu zenyewe kubadilika. Timu ya BellKor iligundua pia kwamba siku mtu anapokaa kuzipa alama filamu nyingi kwa mpigo, anazungumzia filamu alizoziona zamani, na kumbukumbu ina tabia zake: baadhi ya filamu hupanda zinapokumbukwa, nyingine hushuka. Inayobaki kichwani baada ya miaka mitano na iliyofurahisha jana usiku hazifanani. Gavin Potter, mtu aliyesomea saikolojia na kushindana peke yake kutoka London kwa msaada wa binti yake kwenye hisabati, alileta jambo la karibu na hilo. Alijua kutokana na saikolojia kwamba mtu akishaanza na namba fulani, namba zinazofuata huvutwa kuielekea. Aliyetoka kutoa nyota nne mfululizo ataipa nyota nne hata filamu ambayo siku nyingine angeipa tatu. Alipoiingiza tabia hiyo katika hesabu zake, akapanda mbele ya timu zenye wataalamu wengi kuliko yeye.

Na la nne, ambalo nalipenda kuliko yote: hata bila kujua mtu alitoa nyota ngapi, kujua tu ni filamu *zipi* alizozipa alama kuliongeza usahihi. Watu hawachagui kwa bahati nasibu cha kutazama. Asiyependa filamu za kutisha hazitazami, kwa hiyo nyota moja zake kwa filamu hizo hazimo kabisa kwenye data. Watafiti waliofanya kazi na huduma ya muziki ya Yahoo walilipima jambo hili kwa upande mwingine: waliwapa wasikilizaji nyimbo zilizochaguliwa bila mpangilio wazipe alama, na alama za chini kabisa zikatawala, tofauti kubwa na alama ambazo watu hutoa kwa nyimbo walizozichagua wenyewe. Ukimwomba mtu akutajie vitabu kumi alivyosoma, bila kukueleza alivipenda kiasi gani, tayari amekwambia mengi.

Filamu moja iliyowashinda

Mwaka 2004 ilitoka filamu ya kuchekesha ya bajeti ndogo iitwayo Napoleon Dynamite. Washindani waliichukia kwa sababu za kihisabati. Watu waliipa ama nyota tano au nyota moja, na hakuna kilichoonyesha kwa uhakika nani angeangukia upande upi. Wawili waliokubaliana kuhusu filamu mia moja walitengana hapo. Kwa kuwa kipimo kiliadhibu makosa makubwa kwa ukali, filamu chache za aina hiyo zilibeba sehemu ya makosa isiyolingana kabisa na idadi yake. Njia salama ilikuwa kubashiri tatu, alama ambayo karibu hakuna aliyeitoa kwa moyo.

Waswahili walikwishasema kwamba kipendacho roho hula nyama mbichi, na hapa hesabu ziliishia kulikiri hilo. Lakini nataka tutazame hasara yake kwa mtu anayetafuta cha kutazama. Programu inayobashiri tatu haitaiweka filamu hiyo juu kwenye orodha ya mtu yeyote. Itawapendekezea wote kitu ambacho hakimkeri mtu. Wale ambao wangeipenda kwa nyota tano, wakaikariri, wakaizungumzia miaka, hawataonyeshwa. Kipimo kinachoogopa makosa makubwa huzaa mapendekezo ya woga, na ladha za watu mara nyingi hukaa hasa kwenye vile vitu vinavyowagawa.

Rafiki mwema hafanyi hivyo. Anasema: "Hii ama utaipenda sana au utaizima baada ya dakika kumi, jaribu." Ametoa pendekezo na kiasi cha hatari yake kwa pamoja. Nyota tatu haziwezi kusema maneno hayo.

Dakika ishirini

Kufikia 2009 ilikuwa wazi kwamba hakuna njia moja itakayoifikia shabaha. Kazi ya BellKor ya mwaka wa kwanza peke yake ilikuwa mchanganyiko wa njia 107. Siri ya kuchanganya ni kwamba njia tofauti hukosea mahali tofauti, na ukizipima uzito vizuri makosa yanafutana. Timu nazo zikaanza kuchanganyika. BellKor na BigChaos waliungana na Martin Piotte na Martin Chabbert wa Kanada, na tarehe 26 Juni 2009 muungano huo, BellKor's Pragmatic Chaos, ukavuka mstari kwa asilimia 10.05. Kanuni zilitoa siku 30 za mwisho kwa wengine kujaribu. Timu nyingi zilizobaki zikajikusanya chini ya jina The Ensemble na kufika palepale. Kwenye alama zilizofichwa kwa ajili ya uamuzi, pande zote mbili zilipata 0.8567, yaani asilimia 10.06. BellKor's Pragmatic Chaos walikuwa wametuma kazi yao dakika 20 mapema, na tarehe 21 Septemba 2009 wakakabidhiwa dola milioni yao. Zaidi ya timu 40,000 kutoka nchi 186 zilikuwa zimejiandikisha.

Kwa nini haikutumika

Mwaka 2012 wahandisi wa Netflix walieleza kilichotokea. Njia mbili kutoka kwenye kazi iliyoongoza mwaka 2007, mojawapo ikiwa ya ukoo wa ile ya Funk, walizichukua na kuzitumia. Mchanganyiko wa mwisho waliupima na kuona kwamba usahihi ulioongezeka haukuilipia kazi ya kuujenga ndani ya mfumo wao. Hiyo ndiyo sababu inayotajwa sana, na kuna watu huitumia kuyabeza mashindano yote. Kubeza huko hakuna haki: njia hizo mbili tu zilikuwa na thamani kubwa, na ujuzi uliotoka humo ulienea katika fani nzima.

Sababu yao ya pili naiona ya msingi zaidi. Tangu 2007 Netflix ilikuwa imeanza kuonyesha filamu kupitia intaneti, na hapo uhusiano wa mtu na pendekezo ukageuka. Hakuna tena kusubiri bahasha. Mtu anachagua na kutazama papo hapo, na asipopenda anaacha baada ya dakika saba. Kampuni nayo ikaanza kuona kitu ambacho bahasha haikuweza kuonyesha: alichotazama mtu kweli, mpaka wapi, saa ngapi, na kama alirudi kesho yake.

Walipolinganisha hayo na nyota, havikufanana. Watu walikuwa wakizipa nyota nyingi filamu nzito za kumbukumbu na zile zilizoshinda tuzo, kisha jioni wakatazama kichekesho walichokipa nyota tatu. Sidhani kama walikuwa wanadanganya. Nyota ni hukumu juu ya kazi ya sanaa, na mtu anaweza kuamini kwa dhati kwamba filamu kuhusu vita ni bora kuliko kichekesho, na bado leo, baada ya siku ndefu, kichekesho ndicho kinachomfaa. Anayeuliza "atatoa nyota ngapi?" anauliza kuhusu hukumu. Anayeuliza "atazame nini sasa?" anauliza kuhusu hali ya mtu.

Mwaka 2017 Netflix iliziondoa nyota na kuweka kidole gumba, juu au chini. Katika majaribio yao watu walitoa maoni mara nyingi zaidi kuliko walivyofanya kwa nyota.

Naunga mkono uamuzi wa kuziacha nyota, lakini nina shaka na mahali walipoelekea waliozifuata tabia za watazamaji peke yake. Kumaliza kutazama kitu si ushahidi kwamba kilikuwa na thamani kwako. Mtu hula usiku asichokihitaji na kusikiliza wimbo kwa sababu tu umejileta wenyewe baada ya ule uliotangulia. Nyota zilibeba sauti ya mtu anayetaka kuwa mtazamaji wa aina fulani, na sauti hiyo ni sehemu ya ladha yake. Anayependekeza vizuri huzisikiliza zote mbili: alichokifanya mtu, na anachotamani kukifanya. Ukimjua mtu ambaye kila mwaka anasema atasoma riwaya nene na kila mwaka anasoma za kurasa mia mbili, usimpe nyingine ya kurasa mia mbili tu wala usimtwike nene kuliko zote. Mpe nene inayokimbia.

Uzito wa kosa nao hutofautiana sana kati ya sanaa na sanaa, jambo ambalo shindano la filamu peke yake halikuweza kulionyesha. Wimbo ni dakika tatu, kwa hiyo pendekezo la muziki linaweza kuwa la kithubutu: rusha nyimbo tano, mmoja ukinasa inatosha. Filamu ni jioni moja. Kitabu kinaomba siku au wiki, na aliyeachia katikati mara nyingi hujilaumu yeye mwenyewe badala ya aliyempendekezea, kwa hiyo kosa lako huwezi hata kuliona. Mchezo wa kompyuta unaweza kudai saa makumi, pamoja na ustadi wa mikono na subira ya kushindwa mara kwa mara, na hapo ladha peke yake haitoshi. Mtu anaweza kuipenda sana dunia ya mchezo fulani na asiweze kabisa kuucheza. Kwa michezo mimi huanza kwa kuuliza ni upi aliuacha njiani na aliuachia wapi, kabla ya kuuliza anachokipenda.

Filamu nane

Kuna upande wa kisa hiki ambao haukuwa kwenye hesabu za mtu yeyote siku ile ya Oktoba.

Majina ya wateja yalikuwa yameondolewa na kampuni iliamini hiyo inatosha. Arvind Narayanan na Vitaly Shmatikov wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walionyesha vinginevyo. Kama unazijua alama nane za mtu, mbili kati yake zikiwa hata si sahihi, na tarehe zake kwa makosa ya hadi wiki mbili, unaweza kuitambua kumbukumbu yake moja kwa moja katika asilimia 99 ya kesi. Kwa asilimia 68 ya watu, alama mbili na tarehe zenye makosa ya siku tatu zilitosha. Kisha walizilinganisha kumbukumbu hizo na maoni ambayo watu walikuwa wameyaandika hadharani kwenye IMDb, tovuti ya habari na maoni ya filamu, na kuonyesha kwamba kuunganisha jina na namba kunawezekana. Mtu aliyesifu filamu tatu mbele ya watu alikuwa amefungua mlango wa kila alichokitazama faraghani.

Matokeo haya yaweke kando ya yale ya Koren. Ladha ya mtu binafsi ilieleza sehemu moja tu ya kumi ya tofauti za alama, lakini orodha ya vitu alivyovichagua ilimtambulisha karibu kama alama ya kidole. Kilicho cha pekee kwetu kilionekana zaidi katika kile tulichokichukua rafuni kuliko katika nyota tulizokipa.

Marekani ilikuwa na sheria ya 1988 inayolinda kumbukumbu za kukodisha video, iliyopitishwa baada ya orodha ya video alizokodisha Robert Bork, aliyependekezwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, kuchapishwa gazetini mwaka 1987. Desemba 2009, miezi mitatu baada ya dola milioni kutolewa, Netflix ilishtakiwa. Miongoni mwa walalamikaji alikuwa mama aliyeficha jina lake, ambaye hakuwa ameujulisha ulimwengu kwamba anavutiwa na wanawake wenzake, na aliyehofia kwamba filamu alizozipa alama zingemtangaza kwa niaba yake.

Shindano la pili lilikuwa limekwishatangazwa. Safari hii data ingebeba pia umri wa mteja, jinsia yake, na msimbo wa posta wa mahali anapoishi, ili kuwasaidia washindani kubashiri kwa watu ambao bado hawajatoa alama nyingi. Kesi ikamalizwa kwa makubaliano, na tarehe 12 Machi 2010 Netflix ikatangaza kwamba shindano hilo halitafanyika.